Hakuna "Kuchoma Tu"

Katika miaka mingi niliyoitumia kutibu maradhi ya ngozi nimeulizwa maswali ya kila namna, mengine ya busara, mengine ya hofu, mengine ya urembo mtupu, na yote nimejitahidi kuyajibu kwa upole unaostahiki. Lakini liko swali moja ambalo mwaka huu limenijia mara nyingi mno, hata nimeona ni bora nilijibu hadharani mara moja kwa maandishi, kuliko kulijibu faraghani kila juma kwa sauti inayozidi kupungukiwa na subira. Swali lenyewe ni hili: "Daktari, dawa ninayo mwenyewe, kunichoma tu, unatoza shilingi ngapi?"

Wa mwisho kuniuliza alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye heshima zake, aliyekuja kwa daladala kutoka Mbagala hadi Upanga katika joto la Februari, na ndani ya mkoba wake, baina ya leso na kikopo cha poda, mlikuwa na kichupa alicholetewa na jamaa kutoka ng'ambo. Arusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumatano. Alitaka ndita zilizo baina ya nyusi zake zitoweke, na mifereji miwili itokayo puani hadi pembe za mdomo ijae, ili asionekane mchovu katika picha ambazo wajukuu wake watazitazama; nami sikuona neno la kulaumu katika matakwa hayo. Nilikitwaa kichupa, nikakiinua kwenye nuru ya dirisha. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Botox, na ndani yake mlikuwa na maji hadi nusu, yakicheza. Sikuhitaji kuona zaidi.

Sindano za uso zipigwazo kwa ajili ya sura ni za jamii mbili, na mwenye kuzichanganya hawezi kufahamu bei yake wala hatari yake. Ya kwanza ni sumu ya botulinamu, ambayo Botox ni jina la kibiashara la aina moja tu miongoni mwa aina zake. Kazi yake ni kuuzuia mshipa wa fahamu usiupelekee msuli amri ya kujikunja, na kwa hiyo hulegeza ndita, mikunjo ya kipaji na ile ya pembeni mwa macho, lakini haijazi kitu. Ya pili ni fila, ambayo aghalabu ni ute wa asidi ya hayaluroni. Hiyo hujaza palipobonyea, lakini hailegezi kitu. Mama yule alikuwa anataka kazi ya dawa mbili kutoka katika kichupa kimoja, na huo ni upungufu wa maelezo tu ambao dakika tano za mazungumzo hutosha kuuondoa. Lile neno "kuchoma tu" ndilo lenye mizizi.

Najua mizizi yake imeanzia wapi. Sisi tumelelewa katika miji ya mafundi: mtu hununua kitambaa dukani akampelekea mshonaji, akalipa ufundi, hununua mbao akampelekea seremala, na gari lake likiharibika, fundi mwenyewe humwambia akanunue kipuri kwa mkono wake, ili pasiwepo shuku juu ya bei. Katika desturi hiyo mali ni ya mwenyewe na mkono ni wa fundi, na thamani ya mkono hukadiriwa kuwa ndogo kuliko thamani ya mali. Ni desturi njema, yenye uaminifu ndani yake, wala siidharau; lakini kitambaa kilichoshonwa vibaya hufumuliwa, na kilicho cha ghashi fundi hukitambua kwa kukipapasa, ilhali dawa ya sindano haipapasiki, na kilichokwisha kuingia chini ya ngozi hakifumuliwi ila kwa masharti, na mara nyingine hakifumuliwi kabisa. Mwenye kusema "kuchoma tu" anadhani kwamba thamani yote imo chupani, na kwamba sindano ni mlango wa kupitishia. Dhana hiyo ni batili, nami nitaibomoa kuanzia paa hata msingi, kwa kuwa nimechoka kuiona ikiharibu nyuso za watu wazuri.

Tuanze na chupa yenyewe. Botox halisi haisafiri ikiwa maji. Kiwandani hukaushwa ndani ya chupa iliyotolewa hewa, na inapofika mkononi mwa tabibu, chupa ya uniti 100 huonekana kana kwamba ni tupu, isipokuwa utando mwembamba mno ulioshika chini yake, hata wako wagonjwa waliowahi kunishuku kwamba nimewafungulia chupa isiyo na kitu. Ni juu ya tabibu kuitia maji safi ya chumvi kwa kipimo anachokijua, siku ile ile anayotaka kuitumia, maana maelezo ya mtengenezaji yanaamuru itumike ndani ya saa 24 tangu ichanganywe. Ziko aina nyingine za sumu hiyo ambazo huuzwa zikiwa tayari ni maji, lakini hazibebi jina hili. Basi kichupa chenye jina la Botox na maji ndani yake kina moja katika mambo mawili: ama kilikwisha kuchanganywa na mtu asiyejulikana, siku isiyojulikana, kwa maji yasiyojulikana, au hakikuwa Botox tangu siku ya kwanza. Sijui ni lipi katika hayo mawili lingeweza kumfaa mama wa bibi arusi.

Tukiijalia kuwa ilikuwa halisi, bado iko safari. Dawa hii huhifadhiwa katika baridi ya jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, kwa kuwa ni protini, na protini huharibiwa na joto kama ute wa yai unavyobadilika kikaangoni, isipokuwa kwamba yai hukuonyesha limebadilika na dawa haikuonyeshi chochote. Sanduku la nguo katika tumbo la ndege, siku mbili nyumbani kwa jamaa, kisha mkoba ndani ya daladala iliyosimama katika foleni adhuhuri: sitaki kuhesabu nyuzi za joto zilizopita hapo. Wagonjwa wengi walionijia wakilalamika kwamba "Botox hainishiki" walikuwa wamechomwa dawa iliyokwisha kufa njiani, nao kwa hakika ndio waliobahatika.

Kisha kuna kipimo. Uniti si mililita, wala uniti ya mtengenezaji mmoja si uniti ya mwingine. Kwa ndita zile zile za baina ya nyusi, kipimo kilichoidhinishwa cha Botox ni uniti 20, na cha Dysport, ambayo ni sumu ya jamii hiyo hiyo iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ni uniti 50. Anayechomwa na mtu asiyeijua tofauti hiyo anaweza kupata chini ya nusu ya anachohitaji au zaidi ya mara mbili yake, na maji yaliyozidi katika mchanganyiko huitembeza dawa hata ikafika kwenye msuli unaoinua kope, na kope ikaanguka ikabaki imeanguka kwa majuma kadhaa. Tukumbuke kwamba hii ni sumu iliyoingia katika utabibu kwa mikono ya waganga wa macho, watu waliozoea kupima kwa tone, na kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na mtukutiko wa kope, ikangoja hadi mwaka 2002 ndipo ikaruhusu itumike kwa ndita. Waliokuwa na maabara walikwenda taratibu namna hiyo. Nasi tunataka kwenda upesi tukiwa na mkoba.

Wala mtu asiniambie kwamba hadithi za bandia ni za kwetu masikini tu. Mwaka 2004, katika jimbo la Florida, watu wanne walichomwa sumu ya botulinamu iliyotengenezwa kwa ajili ya utafiti wa maabara, isiyoruhusiwa kwa binadamu, na mmoja wao alikuwa ndiye daktari mwenyewe aliyewachoma, mtu ambaye leseni yake ilikuwa imesimamishwa. Wote wanne walipooza hata wakahitaji mashine za kuwapumulia. Na baina ya Novemba 2023 na Machi 2024 idara ya Marekani ya kudhibiti maradhi ilipokea habari za wanawake 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa dawa ya bandia, au kuchomwa na watu wasio na idhini wala mafunzo, au mahali pasipokuwa pa tiba, kama majumbani na katika saluni. 11 kati yao walilazwa hospitali. Macho yao yaliona vitu viwiliviwili, kope ziliwaanguka, maneno yaliwakwama na mate yaliwashinda kumeza. Hizo ni dalili za sumu iliyotoka katika msuli uliokusudiwa ikasambaa mwilini, na dawa ya kuipinga haimo katika duka la mtaani.

Bado sijafika kwenye lililo baya zaidi, maana botulinamu, hata ikikosewa, huisha nguvu yake yenyewe kwa miezi. Kinachonikosesha usingizi ni vichupa vinavyoitwa "fila" ilhali ndani yake mna silikoni ya maji au mafuta. Silikoni ya maji haikuidhinishwa na mamlaka ya Marekani kwa kujaza uso wala mwili, na sababu yake ni nyepesi kufahamika: mwili hauna njia ya kuiyeyusha wala kuitoa, bali huizungushia ukuta wa nyama ngumu, na vinundu hivyo vyaweza kuibuka baada ya miaka, vikiwa vyekundu, vyenye maumivu, vikihama kutoka mahali vilipowekwa. Makosa haya si mapya. Mwaka 1899 tabibu Robert Gersuny wa Vienna alianza kuchoma vaselini chini ya ngozi ili kujaza palipopungua, na kwa miaka michache Ulaya nzima ikaingia katika mtindo wa parafini, hata ilipobainika kwamba parafini huyeyuka, hutembea na kuota uvimbe. Na inasimuliwa habari ya Gladys Deacon, mrembo mashuhuri wa zama zile aliyekuja kuwa mke wa Duke wa Marlborough, kwamba nta aliyochomwa puani ili ainyoshe sura yake iliteremka ikamharibia uso uliosifiwa na watu wa nchi mbili. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado watu huleta mafuta.

Maana ya hayo kwa mgonjwa ni hii. Ute wa asidi ya hayaluroni una kimeng'enya kinachouyeyusha, kiitwacho hayaluronidesi, nacho ndicho mkasi wa kule kufumua nilikokutaja. Tabibu asiyekuwa nacho kabatini asikuguse. Lakini kimeng'enya hicho huyeyusha ute huo peke yake: hakiigusi silikoni, hakiyagusi mafuta, hakiigusi fila iliyotengenezwa kwa chembe za madini. Alinijia binti mmoja aliyechomwa midomo sebuleni kwa rafiki yake, siku ya tatu, ngozi ya juu ya mdomo ikiwa imefanya mabaka ya zambarau kama wavu, na vijipele vya usaha vimeanza kutoka. Nilimuuliza, "Mwanangu, umechomwa nini?" Akasema hajui, chupa ilikuwa imetupwa, na aliyemchoma alikuwa amezima simu. Nilimchoma hayaluronidesi kwa kukisia, nikashukuru kwamba kisio kilisibu, na mdomo wake ukapona isipokuwa kovu dogo ambalo yeye hulijua na mimi hulijua. Kama ndani ya chupa ile mngalikuwa na kitu kingine, ningalibaki na mikono mitupu mbele ya mtoto wa watu.

Nimefika kwenye mkono. Uso umejaa mishipa ya damu, na baadhi ya ile ya pua, ya kipaji na ya baina ya nyusi imeungana na mishipa inayolisha jicho. Fila ikisukumwa ndani ya mshipa kwa kidole kizito, yaweza kurudi kinyume cha mkondo wa damu hadi kwenye mshipa wa retina, na jicho likazimika mgonjwa akiwa bado yuko kitini. Retina iliyokatiwa damu hufa kwa muda unaohesabiwa kwa dakika, na walio wengi waliofikwa na msiba huo hawakurudishiwa nuru yao. Ni nadra, naam, na nasema ni nadra ili nisimtishe mtu kwa uwongo. Lakini unadra wake hutokana na mikono inayojua wapi pa kupita juu ya mfupa na wapi pa kupita chini ya ngozi tu, wapi pa kutumia sindano butu badala ya kali, kwa kiasi gani na kwa taratibu gani, na wapi pa kukataa kabisa. Elimu hiyo ndiyo unayoilipia. Dawa ni sehemu ya bei. Sehemu nyingine ni miaka ya kujifunza mahali pasipochomwa, pamoja na kimeng'enya kilicho kabatini na simu inayojibiwa usiku.

Na liko hili la mwisho katika jambo la "kuchoma tu", ambalo naona haya kulieleza kwa watu wazima walioishi katika zama za UKIMWI, ila lazima. Katika mji wa Albuquerque huko New Mexico, wateja kadhaa wa saluni moja isiyo na leseni waliambukizwa VVU kwa tiba ya uso ya kutobolewatobolewa ngozi na kupakwa damu yao wenyewe, na wakaguzi wakakuta vifaa vya kutumiwa mara moja vikitumiwa tena na tena. Habari hiyo ilichapishwa na idara ile ile ya kudhibiti maradhi mwaka 2024. Wanawake watano waliokaa mkekani sebuleni wakigawana chupa moja ili kupunguza gharama, na mchomaji mwenye bomba moja la sindano anayebadili ncha tu, wamo katika hatari hiyo hiyo, wawe wanajuana vipi na kupendana vipi.

Sasa yaliyobaki nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa ukishaiacha dhana ile, hayana ugumu.

Juu ya haja yenyewe: ngozi nyeusi hukunjamana kwa kuchelewa, maana rangi yake huikinga na jua, na wengi wa mabinti wa miaka 22 wanaonijia hawana mkunjo wowote wa kutibiwa, hao huwarudisha nyumbani. Huko England, kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2021, ni marufuku kumchoma aliye chini ya miaka 18 sindano hizi kwa urembo, nami nafuata mpaka huo hapa bila kungoja sheria. Aliyezoea kujipaka mkorogo aache kwanza, tena kwa uangalizi wa tabibu, kwa kuwa krimu hizo huikondesha ngozi hata ikavilia damu kwa kuguswa tu. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wangoje. Mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli asichomwe botulinamu. Mwenye kutumia dawa za kuyeyusha damu, au aliyechomwa jentamisini karibuni, aseme kabla, si baada. Mwenye kuota makovu ya kuvimba aseme pia, ingawa sindano nyembamba ni nadra kuyaleta. Linalotokea zaidi kwetu ni doa jeusi mahali palipochubuka, nalo hufifia kwa miezi. Kama sindano hizi zinafunguza saumu au zinajuzu kwa sharia, waulizwe masheikh. Mimi si mwenye mamlaka hayo.

Juu ya bei: botulinamu huuzwa kwa uniti au kwa eneo, fila kwa bomba la mililita moja. Marekani uniti moja ya Botox hutozwa kwa kawaida baina ya dola 10 na 20, kwa hiyo ndita peke yake, kwa uniti 20, ni dola 200 hadi 400, yaani kama nusu milioni hadi milioni ya shilingi za Tanzania. Ukiongeza kipaji uniti 20 nyingine, na pembe za macho uniti 24, jihesabie. Fila huanzia dola mia kadhaa kwa bomba moja na huweza kukaribia elfu, na mifereji miwili ya mdomo mara nyingi hutaka zaidi ya bomba moja. Dawa yetu huagizwa kwa fedha za kigeni na husafirishwa katika baridi, basi yeyote anayekupa bei ya kilo mbili za nyama anakueleza mwenyewe kilichomo ndani ya chupa yake. Tena bei hii si ya mara moja: botulinamu huisha kwa miezi mitatu au minne, fila kwa miezi sita hadi kumi na minane kwa kadiri ya aina na mahali, na midomo huimaliza mapema. Ukiacha, uso hurudi ulivyokuwa. Hauharibiki kwa kuacha, na naomba swali hilo pia nipumzishwe nalo.

Juu ya kupona: kazi yenyewe ni ya dakika chache, kwa ganzi ya kupaka ukitaka, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Botulinamu haionekani siku ile. Huanza kushika siku ya tatu hadi ya tano, na hukamilika baada ya majuma mawili, ndipo inapofaa kurudi kutazamwa. Kwa saa nne usilale, kwa siku moja usifanye mazoezi mazito, na usisugue mahali palipochomwa. Wenye kutawadha wajimwagie maji usoni taratibu bila kupangusa kwa nguvu. Kichwa kinaweza kuuma kidogo siku ya kwanza. Fila huonekana papo hapo, lakini unachokiona siku ya kwanza ni pamoja na uvimbe, unaopungua kwa siku mbili tatu na kwa midomo hata juma zima; damu ikivilia, huchukua hadi majuma mawili kufutika. Kwa hiyo mwenye arusi aje angalau mwezi mmoja kabla, na mwenye kuja siku tatu kabla ataambiwa ampelekee mpambaji uso wake kama ulivyo.

Dalili za kukimbilia hospitali hazingoji asubuhi: maumivu makali yanayozidi baada ya fila, ngozi kupauka au kufanya mabaka ya zambarau, jicho kuona giza au viwiliviwili, shida ya kumeza, kusema au kupumua. Katika ngozi nyeusi kupauka hakuonekani upesi. Zitazamwe pia fizi na upande wa ndani wa mdomo, na ngozi ibonyezwe kwa kidole kuona kama damu inarudi. Kabla ya hayo yote, mtazame anayekuchoma: jina lake liwemo katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, au la Kenya kwa walio huko, dawa iwe imesajiliwa, chupa au bomba lifunguliwe mbele ya macho yako, na kibandiko chenye namba ya toleo ukabidhiwe uende nacho. Tabibu anayeudhika kwa kuombwa kibandiko hakufai.

Mama yule alikasirika nilipomkatalia, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa jamaa yake alikuwa ametoa fedha nyingi kwa mapenzi ya kweli. Nilimketisha, nikamweleza haya yote niliyowaeleza ninyi, naye akasikiliza huku kichupa kikiwa juu ya meza baina yetu. Mwisho akaniuliza, "Sasa nikifanye nini?" Nikamwomba aniachie. Nimekifunga katika bahasha, nikaandika tarehe na mahali kilikotoka, na kimekwenda kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Yeye alikwenda arusini na ndita zake, na nimempangia siku mwezi wa Mei, kwa ndita peke yake kwanza, kisha baada ya majuma mawili tutaitazama ile mifereji.